Kiebrania cha Alunguli

Jumatatu, 5 Septemba 2022

Mvua ya kwanza imenyesha leo, fupi, ya kulaza vumbi tu. Nimefungua daftari hili kwa sababu nimeamua jambo, na nikishaandika jambo huwa sirudi nyuma. Nitajifunza Kiebrania. Nina miaka sitini na mitano, nilifundisha shule ya msingi miaka thelathini na mmoja hapa Kindu, na sijawahi kuona mtoto aliyeshindwa kujifunza kitu alichokitaka kweli.

Sababu ni hii. Mwanangu Blaise anaishi Tel Aviv, katika nchi ya Israeli. Aliondoka hapa wakati wa vita akiwa na miaka kumi na tisa, akazunguka nchi nyingi, akafika kule kwa njia ya Misri. Ana mtoto mmoja, Joëlle, wa miaka kumi na mmoja. Mama wa mtoto aliwaacha zamani. Mwezi wa saba Blaise alianguka kazini, mshipa umepasuka kichwani. Upande wa kuume umekufa na mdomo hausemi. Joëlle analala kwa jirani, mama mmoja wa Eritrea, na kila siku baada ya shule anakwenda hospitali.

Jumamosi mtoto alinipigia simu. Hajui Kiswahili, hajui Kifaransa. Baba yake alimlea kwa Kiebrania tu. Alisema, akalia, mimi nikasema, nikalia. Shemeji yangu Florentin, mdogo wa marehemu bwana yangu, akachukua ujumbe wa sauti wa mtoto akaupitisha kwenye simu yake inayotafsiri lugha. Ekrani ikaandika: *Baba amekatwa ulimi.* Wanawake wa avenue yote walikuja kukaa kilio uani kwangu mpaka jioni, ndipo rafiki wa Blaise, mtu wa Kinshasa, akapiga na kutueleza kwa Lingala kwamba ulimi upo. Maneno ndiyo hayatoki.

Mashine haitanisemea tena na mjukuu wangu.

Alhamisi, 8 Septemba

Florentin anasema nimechanganyikiwa. Nimemkaribisha chai.

Jumatatu, 12 Septemba

Nimevuka mto kwenda kwa Padri Isidore. Watu wa Alunguli, ng'ambo hii ya mji wa Kindu, tukitaka kitu kigumu ni lazima tuvuke. Padri ana miaka themanini na mmoja, na ujana wake alikaa mwaka mzima Yerusalemu akisoma Maandiko. Nilimweleza shida yangu. Alifurahi kama mtu aliyeulizwa habari za mchumba wake wa zamani.

"Mama Emerance, Kiebrania ninacho. Lakini ni cha manabii."

"Manabii hawakuwa wanaomba maji ya kunywa?"

"Walikuwa wanaomba. Ila walikuwa wanalaani zaidi."

Alinifundisha *shalom*, *mayim*, maji, na *lekhem*, mkate. Kisha akanifundisha kusema "ole wako, ee mji wa damu". Nikamwambia hili tuliweke kando kwanza. Mwishoni alitoa kabatini daftari lake la miaka ile, limeliwa na mende pembeni, na humo aliandika mambo ya sokoni na ya barabarani: asante ni *toda*, samahani ni *slikha*, polepole ni *leat*, rudia ni *od paam*, sielewi ni *ani lo mevina*. Bibi ni *savta*.

Savta. Basi njo mimi, ndiye mimi.

Jumanne, 13 Septemba

*Ani lo mevina.* Nimelisema nikifagia, nikitwanga sombe ya majani ya muhogo, nikichambua mchele. Neno la kwanza la maana ni kujua kusema huelewi.

Jumapili, 18 Septemba

Nimempigia Joëlle. Nilikuwa nimeandika kila kitu kwenye karatasi.

"Shalom, Joëlle. Ani savta."

Nikafikiri mtandao umekatika. Kisha akapiga kelele, "Savta?" na maneno yakaja kama mvua kwenye mabati. Nikasema *leat, leat*. Akapunguza. Nikasema *od paam*. Akarudia. Katika maneno mia nilishika manne: aba, hospitali, chakula, hapana. Yalinitosha kujua kwamba baba yake anakataa kula. Nilimjibu kwa neno moja la Padri Isidore la kusema "mimi hapa", *hineni*, na mtoto akacheka! Baadaye nimeelewa kwamba hilo ni neno la Abrahamu akiitwa na Mungu. Siku hizi wanasema *ani po* tu. Acha acheke. Tangu baba yake aanguke, nimekuwa mtu wa kumchekesha.

Jumapili, 25 Septemba

Mvua siku tatu. Jirani yangu Hawa, aliyesomesha watoto Kurani hapa Alunguli tangu ujana wetu, alikuja kukopa kinu akanikuta nasoma maneno kwa sauti. Akasimama mlangoni.

"Sabuni wanaitaje?"

"Sabon."

"Na sukari?"

"Sukar."

"Damu?"

"Dam."

"Saba?"

"Sheva."

Akakaa chini bila kukaribishwa. "Emerance, hiki kitu ni ndugu wa Kiarabu. Nusu uko nayo mdomoni toka utoto, hujui tu." Amesahau kinu. Ameanza kunifundisha kusoma herufi za Kiebrania kutoka kuume kwenda kushoto. Herufi zenyewe hazijui, ila jicho lake limezoea njia.

Jumanne, 4 Oktoba

Florentin alikuja na wakubwa wawili wa ukoo. Walikaa sebuleni kofia magotini.

"Shemeji," akaanza, "ile hospitali ya kule iliandika kwangu kwa Kifaransa, juu namba yangu njo waliyopewa. Wanasema Blaise haelewi kitu. Wamemujaribu Kiebrania, wamemujaribu Kifaransa, bule. Wanataka kumupeleka nyumba ya wagonjwa wasiopona, mbali sana. Na mutoto aende nyumba ya kulelea watoto, upande mwingine."

"Wewe uliwajibu nini?"

"Hayo ni mambo ya wanaume wa familia."

"Nimeuliza, uliwajibu nini?"

"Bado."

Wakubwa wakasema watu wa kule wana vyombo, wanajua. Sisi tuko mbali, na mwanamke mzima kukaa na daftari kama mtoto wa première, wa darasa la kwanza, anaaibisha nyumba. Nikawaambia nyumba hii ilijengwa kwa mshahara wa daftari. Nikawaambia mtoto hatatenganishwa na baba yake kwa sababu ya lugha, mimi nikiwa na pumzi. Mmoja akasema, "Mama, weye peke yako utafanya nini?" Nikamjibu kwa Kiebrania, *ani po*, nikatoka kwenda kuanua nguo maana wingu lilikuwa limeshafunga upande wa mto.

Nilianua hata zilizokuwa bado mbichi.

Jumanne, 11 Oktoba

Leo nitaandika lile ambalo sijawahi kuandika.

Mwaka 2002 mji ulikuwa umezingirwa. Treni haiji, mitumbwi haivuki, chumvi tulikuwa tunailamba kwa ncha ya kidole. Asubuhi moja mimi, Blaise na Florentin tulikuwa tunatoka kuchuma sombe kwenye mashamba ya nyuma ya reli. Tukakuta kizuizi. Askari mmoja akaniuliza kitu kwa lugha yake, lugha isiyo ya hapa. Alikuwa anatabasamu, amemwelekezea Blaise kidevu. Nikadhani anasifia jinsi kijana alivyokua. Nikaitikia kwa kichwa. Nikasema, "Ndiyo. Ndiyo." Unapokuwa na hofu unakubali kila kitu ili upite.

Wakamshika palepale. Baadaye mtu aliyejua lugha ile alinieleza nilichoulizwa: *Huyu kijana ni wa wale wapiganaji wa msituni?* Na mimi, mama yake, nilisema ndiyo mara mbili.

Watu walisema wamemchukua kubeba mizigo njia ya Punia. Siku kumi na tisa nilikwenda kusimama mbele ya kambi yao tangu kuche mpaka jua lichwe, mpaka wakanitishia bunduki. Miezi miwili baadaye alitoroka porini, na habari zake za kwanza zilitoka Bukavu. Hakurudi tena. Sijui kama alinisikia siku ile. Kwenye simu, miaka yote hii, hatujawahi kuligusa.

Florentin alikuwa pembeni yangu kwenye kizuizi. Alikuwa anawauzia wale askari kuku na mawese, na mjini alikuwa anajisifu kwamba lugha yao anaijua. Akanyamaza. Kwa miaka ishirini nimempikia sikukuu, nimemwita shemeji, na moyoni nimemwita muuzaji wa mwanangu.

Lugha nisiyoijua ilinichukulia mtoto mara moja. Hainichukulii mara ya pili.

Jumatano, 12 Oktoba

Maneno kumi na mawili mapya. Mvua.

Jumapili, 30 Oktoba

Joëlle amenieleza kwamba wamerudisha saa zao nyuma, sasa saa zetu na zao ni moja. Nilielewa sentensi nzima! *Ota shaa*, saa ileile. Sasa najua analala saa ngapi, anatoka shule saa ngapi. Ananifundisha maneno ambayo manabii hawakuwa nayo: chaja, basi, mtihani. Nikikosea anasema *lo, savta, lo*, kama mwalimu mkali. Damu yangu hiyo.

Jumapili, 6 Novemba

Niandike taratibu, maana mwili wote unawaka.

Joëlle alinipigia akiwa hospitali, kando ya kitanda. Tangu mwezi wa nane hospitali iliwakataza kumpa Blaise simu, kwa sababu siku moja yule rafiki yake wa Kinshasa alimwekea sauti yangu sikioni, akalia mpaka pumzi ikamkwama. Kwa hiyo mtoto alikuwa anaongea nami kwa sauti ya chini tu. Mara nikasikia nyuma yake mtu anaguna. Nikauliza, *Aba?* Akasema ndiyo, ni baba, anafanya ile sauti yake. Anaifanya siku nzima, waganga wa hospitali wanasema ni kelele tu, haina maana. Kisha akaniuliza:

"Savta, ma ze *luma*?"

*Ma ze* ni "ni nini hiki". Luma ni nini hiki.

Nilisimama nikaangusha kiti.

"Joëlle! Od paam! Aba anasema nini? Od paam!"

Akamsogezea baba yake simu. Nikasikia mwanangu, sauti nzito kama ya mtu aliyejaa uji mdomoni: "...luma. Inaluma. ...luma."

Inaluma. Miezi minne mtoto wangu analala kule anasema *inaluma*, yaani inauma, kwa Kiswahili cha Kindu, na watu wote wenye vyombo wanaandika kwamba ni kelele.

"Koev lo!" nikapiga kelele. Neno la daftari la Padri Isidore, ukurasa wa mganga: *koev lo*, inamuuma. "Joëlle, aba, koev lo! Koev lo!" Kisha nikampigia kelele Blaise mwenyewe: "Blaise! Njo mimi, mama! Inaluma wapi, baba? Wapi?"

Nikasikia anavuta pumzi, nikaogopa atakwama tena. Kisha, neno moja, polepole: "Guu."

"Regel, Joëlle! Regel!"

Nikasikia shuka linafunuliwa, nikasikia mtoto anaita, viatu vinakimbia. Kisigino cha kuume kilikuwa na kidonda cha kulalia, kimekwenda ndani, chini ya soksi ambayo hakuna aliyeivua siku nyingi. Muuguzi alikisafisha palepale. Joëlle alirudi kwenye simu analia na kucheka.

"Savta, hu medaber?"

Anasema? Ndiyo, mjukuu wangu. *Ken. Hu medaber.* Anasema. Wao ndio hawakusikia.

Jumatano, 9 Novemba

Florentin alikuwa ameshajibu. Alinikiria leo: tangu katikati ya Oktoba aliandika kwamba familia inakubali Blaise apelekwe na mtoto apelekwe. Wamepanga mwisho wa mwezi huu.

Sikupiga kelele. Nilimwomba namba ya mama wa huduma za jamii wa ile hospitali, aliyemwandikia, nikaingia ndani, nikafunga mlango. Nilirekodi ujumbe wa sauti kwa Kiebrania. Mvua ilikuwa inapiga mabati, nikangoja; ikapungua, nikaanza; ikarudi, nikafuta. Mara kumi na saba. Mwisho ukawa hivi: *Shalom. Mimi Emerance, mama wa Blaise. Blaise anaelewa. Anasema Kiswahili. Msimpeleke. Mimi nitatafsiri. Tafadhali.* Najua sarufi ilikuwa mbovu. Nimesahihisha sarufi za watoto miaka thelathini na mmoja, na sijawahi kumkataa mtoto aliyekuwa na jambo la kweli la kusema.

Jumanne, 15 Novemba

Wamejibu. Tarehe 22, saa nne asubuhi, mwalimu anayesemesha wagonjwa atampima Blaise tena, mimi nikiwa kwenye simu.

Florentin alikuja peke yake. Hakukaa kwenye kiti chake, alikaa kwenye kibao karibu na jiko kama mgeni.

"Shemeji, iko kitu nataka kusema. Ya kizuizi."

Nikaacha kukoroga.

"Ile lugha, mie sikujuaka. Nilijua kusema bei na kuhesabu kuku, basi. Nilikuwa najisifu juu watu waniogope kidogo. Siku ile alipouliza, nilikuwa naangalia mdomo yake sawa weye. Ulipoitika, nikasema, afazali, Emerance ameelewa."

"Kwa nini hukusema, miaka yote hii?"

"Uliniona mubaya. Nikasema, bora kuwa mubaya kuliko kuwa mujinga mbele ya watu."

Nilitaka kumpiga na mwiko. Nilitaka pia kumkumbatia, na sikufanya lolote kati ya hayo mawili. Nilimpakulia wali. Tulikula pamoja. Nimebeba hatia ya mtu huyu miaka ishirini, na kumbe ilikuwa ni ileile yangu: tulikuwa watu wawili tusioelewa, tumesimama bega kwa bega.

Hata hivyo barua aliandika. Hilo sijalisamehe, na nimemwambia.

Jumanne, 22 Novemba

Mtandao wa Alunguli ulikufa alfajiri. Saa mbili Florentin alikuwa mlangoni na turubai begani. "Twende tuvuke." Mto ulikuwa umejaa, maji ya rangi ya chai ya maziwa, na mvua inatupiga usoni. Hawa alikuja pia, amebeba daftari langu ndani ya mfuko wa plastiki, kifuani. Tulikaa chini ya ukuta mmoja ng'ambo ambako simu inashika vizuri, Florentin akasimama ameinua turubai juu ya vichwa vyetu kwa mikono yote miwili. Saa nzima hakuishusha.

Kwenye ekrani nikamwona mwanangu. Sura nusu imeanguka. Mvi! Blaise wangu ana mvi.

"Mama," akasema. Na neno hilo lilikuwa zima.

Mwalimu, mwanamke kijana mwenye miwani, alipanga picha sita mezani. Akasema, *mayim*. Nikasema, "Blaise, onyesha maji." Mkono wa kushoto ukaenda kwenye maji. *Lekhem.* "Mkate." Ukaenda kwenye mkate. *Bayit.* "Nyumba." Ukaenda. Mwalimu akavua miwani, akaivaa tena. Kisha akasema, *kelev*.

Nikamtazama Hawa. Hawa akafungua kurasa. Hakuna. Padri wangu hakuniandikia neno hilo.

"Ani lo mevina," nikasema. "Od paam."

*Kelev*, akarudia. Joëlle, aliyeruhusiwa kukaa kando lakini asisaidie, akashindwa kuvumilia. Akainua shingo akabweka: "Hav! Hav!"

"Imbwa!" tukapiga kelele watatu pamoja, Florentin kwa sauti kubwa kuliko wote.

Na Blaise akacheka. Nusu ya mdomo, lakini akacheka, akaweka kidole juu ya mbwa.

Mwalimu alisema mambo mengi baada ya hapo kwa watu waliokuwa nyuma yake, nami nilipata maneno mawili tu: *hu mevin*. Anaelewa. Yalinitosha. Yule mama wa huduma akaja kwenye ekrani, akasema polepole sana kwa ajili yangu: Blaise anabaki hapa. Joëlle anabaki kwa jirani. Kila Jumapili na Jumatano, wewe, simu. Sawa?

"Ken," nikamwambia. Safari hii nilijua nimeulizwa nini.

Jumatano, 23 Novemba

Nimelala mchana. Homa kidogo ya mvua. Florentin anaumwa mabega, namsikia analalamika barabarani kwa sauti ya mtu anayetaka kuulizwa sababu.

Jumapili, 4 Desemba

Nilimwambia Blaise habari ya kizuizi. Joëlle alikuwa ameshika simu, haelewi, anatazama huku na huku. Nilisema yote: askari, kidevu, ndiyo mara mbili. Akatafuta maneno moja moja, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe: "Nilikuonaka. Kambini. Kila siku. Kwa tundu ya ukuta."

Siku zote kumi na tisa alikuwa hapo ndani. Aliniona.

"Savta, ma hu amar?" mtoto akauliza. Amesema nini?

Sikuwa na Kiebrania cha kutosha. Nilimwambia, baba anasema alimwona savta. Akasema, lini? Nikasema, zamani.

Jumapili, 11 Desemba

Mvua kubwa kuliko zote za mwaka huu, na mtandao umekubali hata hivyo. Blaise alikuwa amekaa kitini. Nilimsalimu, akaitika. Nikaanza kazi yangu: anataka nini, anahisi nini, huku nikigeuza kila neno kwa Joëlle.

Katikati, Blaise aliinua mkono wa kushoto kunikatiza. Akamgeukia binti yake. Akahangaika na mdomo, mishipa ya shingo imemtoka, na likatoka neno ambalo halikuwa la kwetu. Kiebrania. Neno lake la kwanza la Kiebrania tangu aanguke.

Joëlle akamjibu. Akasema tena, upesi upesi, naye baba akatoa neno la pili, na mtoto akaanza kulia na kucheka na kusema vyote pamoja, ameiacha simu juu ya shuka, imelala inaangalia dari la hospitali.

Sikuelewa hata neno moja.

*Leat* ilikuwa imeshafika kwenye ulimi. *Od paam* pia. Nikazimeza zote mbili. Nilikaa hapa Alunguli, simu mkononi, mabati yanapiga kelele juu yangu, nikawaacha wasemezane.